Nani Aliwapikia Wale Askari?

Ukitaka kujua kijana wa Mtwara anavijua vita kwa kiasi gani, muulize silaha. Atakutajia bunduki za Vietnam na za Iraq, atakuambia helikopta ipi inabeba makombora, na atakuonyesha kwa mikono jinsi ya kubadilisha magazini huku unakimbia. Sasa muulize babu yake alikuwa kikosi gani mwaka 1979, alitoka Mtwara kwa usafiri gani, alirudi lini na alirudi na nini. Hapo maneno yanamwishia. Simlaumu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Linaniuma kwa sababu huku Kusini si wageni wa vita. Oktoba 1917 pale Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalipigana siku nne mfululizo, na wengi waliokuwa wakiuana kwa niaba yao walikuwa Waafrika: KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, na kikosi kilicholetwa kutoka Nigeria upande huu, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, upande ule, na nyuma ya wote wapagazi. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Vita Kuu ya Pili ikawachukua vijana wa Tanganyika hadi misitu ya Burma. Miaka ya 1960 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakapata kambi yao kubwa Nachingwea, na majeruhi wao wakawa wanatibiwa Mtwara mjini. Kisha Kagera, vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Kisha Zambezia, ambako jeshi letu, JWTZ, lilikwenda miaka ya 1980 kuisaidia Msumbiji dhidi ya waasi wa RENAMO. Waliofia Msumbiji wamelala Naliendele, si mbali na mjini. Na juzi tu, kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024, vijana wetu walikuwa ng'ambo ya mto, Cabo Delgado, ndani ya kikosi cha SADC, baada ya moto wa waasi wa huko kuvuka mpaka na kufika kijiji cha Kitaya Oktoba 2020.

Yote hayo yamepita mlangoni kwetu, na bado vita tunavyovijua ni vya kwenye skrini.

Wengi wa rika langu tulivipata kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia mwanga usiingie, joto la kukata pumzi, na sauti ya mtafsiri juu ya kila kitu. Rambo ndiye alikuwa mfalme. Lakini filamu ya kwanza ya Rambo, ile ya mwaka 1982, ukiitazama kwa utulivu utaona kuwa vita vyenyewe humo vimeshakwisha. Inamhusu mwanajeshi aliyerudi Marekani kutoka Vietnam. Anamtafuta mwenzake wa jeshini, anaambiwa amekufa kwa saratani iliyotokana na sumu iliyomwagwa kule msituni. Anaingia mji mdogo, polisi wanamwandama kwa jinsi anavyoonekana. Mwishoni anakaa chini, analia mbele ya kanali wake, anasimulia mwenzake mwingine aliyelipuliwa na bomu lililofichwa ndani ya kisanduku cha mtoto wa kung'arisha viatu.

Kibandani, hapo ndipo watu walipokuwa wanainuka. Mtafsiri naye alikuwa haisubiri ile hadithi ya kisanduku. Alikuwa anaaga watu na kutangaza picha inayofuata, huku nyuma yake mtu mzima analia na hakuna anayesikia analia nini. Sisi tulikuwa tunaisubiri ya mwaka 1985, ambayo Rambo yuleyule anarudi msituni na kuua asiowajua idadi. Ile ya pili ndiyo iliyochorwa kwenye kuta za vinyozi. Ya kwanza ilikuwa na jambo la kutuambia kuhusu wajomba zetu, na hatukuisikia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori la ugavi kwenye vita vya Kagera. Anaishi Mikindani. Jioni moja nilikwenda kumwamkia nikakuta mwanawe ameweka tamthilia ya Vita Kuu ya Pili kwenye flashi. Nikakaa. Mizinga inapiga, watu wanarushwa juu, muziki unapanda na kushuka. Mjomba alitazama bila neno karibu saa nzima. Halafu akauliza:

“Hawa nani anawapikia?”

Tukacheka. Yeye hakucheka.

“Nauliza kweli. Tangu tumekaa hapa wamepigana siku tatu. Sijaona moshi wa jiko. Sijaona mtu kachota maji. Sijaona mtu kaenda chooni. Halafu angalia mashavu yao.”

Nikamuuliza kwao ilikuwaje. Nilidhani atanisimulia kuhusu malori. Akaanza na mpishi wao, mtu wa Tandahimba, ambaye kwa maelezo yake hakupenda hata kuishika bunduki aliyopewa. Mpishi yule alikuwa anapika kwa idadi. Asubuhi anaambiwa leo watu kadhaa, anapima unga na maharage. “Jioni yeye ndiye wa kwanza kujua,” mjomba akasema. “Afande bado anasubiri ripoti, mpishi ameshajua. Chakula kikibaki, anafunika sufuria, anakaa pembeni. Tukimwona kakaa pembeni, hatuulizi.”

Sijaona filamu ya vita yenye mpishi wa namna hiyo. Nimetazama nyingi.

Nikawa na hamu ya kuvisoma vita vile upya, safari hii kwa jicho la dereva. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakachinja na kupora, yakalivunja daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu akazungumza na taifa: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Juni 3 majeshi yetu yakafika mpaka wa Sudan, vita vikaisha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, tarehe baada ya tarehe, na filamu yoyote itakayotengenezwa bila shaka itaruka kutoka moja hadi nyingine. Katikati ya tarehe hizo kuna miguu. Magari hayakutosha. Askari wa miguu walitembea kutoka Mutukula, wakapita Masaka, wakaingia Kampala, wakaendelea hadi kaskazini kabisa mwa Uganda, na sehemu ya safari hiyo ni kwenye mvua za masika. Mjomba anakumbuka matope kuliko anavyokumbuka risasi. Anakumbuka viatu vilivyooza vikiwa miguuni, na askari mmoja kijana aliyekataa kuvua chake kwa kuogopa atakachokiona.

Idadi iliyotolewa ya askari wetu waliokufa katika vita vile ni 373. Waliouawa moja kwa moja katika mapigano ni 96. Wengine wote, karibu robo tatu, walikufa nje ya mapigano. Nilipomsomea mjomba tarakimu hizo hakushangaa hata kidogo. Akanihesabia malori aliyoyaona yamepinduka na watu, na homa alizoziona, mpaka nikaacha kuandika nikabaki kumsikiliza. Kama filamu inaonyesha milipuko peke yake, basi imeonyesha vifo vya wachache. Wengi hawamo. Ndiyo maana lile swali la jiko si swali la mzee aliyechoka kukaa mbele ya televisheni. Ni swali la mtu aliyetafuta vita vyake kwenye skrini akavikosa.

Na kuna mambo ambayo skrini inayaongeza. Muziki, kwa mfano. Muziki unakuambia mapema kwamba hatari inakuja, unakuambia nani atakufa, ukiisha unajua sasa unaweza kupumua. Mjomba anasema kilichokuwa kinawamaliza ni kutojua. Unakaa siku nne hakuna kitu, watu wanacheza bao, wanashona vifungo, wanagombana kwa sababu ya sigara. Siku ya tano, katikati ya ugomvi uleule wa sigara, bomu linaanguka.

Huku pwani yetu, miaka ile uvuvi wa baruti ulipokuwa umeshamiri, mlipuko ulikuwa unasikika baharini alfajiri, mara nyingine mara mbili tatu kwa siku. Watu wa Mikindani walikwisha kuuzoea. Mimi nilikuwa nakunywa chai barazani kwake siku mojawapo, ikapiga, wala sikugeuka. Mjomba alikuwa amenyanyua kikombe. Hakushtuka, hakuruka, hakufanya lolote kati ya yale ambayo waigizaji hufanya. Alikisimamisha kikombe pale hewani, nusu ya njia ya kwenda mdomoni, akabaki hivyo. Chai haikumwagika hata tone. Muda ukapita. Kisha akanywa, akaendelea na mazungumzo pale pale alipoishia.

Baadaye nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anasubiri la pili. La kwanza mara nyingi halikupati, aliniambia. La pili ndilo linalokuonyesha kama wanakutafuta wewe.

Mwigizaji akipewa nafasi ya mkongwe wa vita, atapewa ndoto za usiku, jasho, kupiga kelele, chupa. Hayo yapo, sikatai. Lakini mkaza mjomba aliniambia kitu ambacho sijawahi kukiona popote. Tangu mumewe arudi, hajawahi kumwamsha kwa kumgusa. Anasimama mlangoni, anamwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu anasubiri. Watoto wote walifundishwa hivyo wakiwa bado wadogo, na wajukuu nao. Ni sheria ya nyumba, inajulikana kama inavyojulikana pa kuweka viatu. Yeye hakuisimulia kama msiba. Alikuwa anachambua ming'oko, ananieleza jinsi familia yao inavyoishi. Kwenye filamu mke wa mwanajeshi huwa anapewa dirisha la kusimama na barua ya kusoma. Mwanamke aliyejipangia mwenyewe namna ya kumlinda mumewe na kuwalinda watoto wake, bila daktari, bila mshauri, bila mtu wa kumuuliza, hapewi hata dakika moja.

Na daktari angemwambia nini wakati ule? Mwaka 1915, katika vita vilevile vilivyofika hadi Mahiwa, tabibu Charles Myers aliandika kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja ilhali miili yao haina jeraha. Lakini ilichukua hadi mwaka 1980 kwa chama cha madaktari wa akili wa Marekani kuyaingiza madhara ya aina hiyo rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa, na walisukumwa sana na hali ya waliorudi kutoka Vietnam. Askari wetu walikuwa wameshaanza kurejea makwao. Wengi wa mgambo walirudishwa vijijini, kwenye korosho na mihogo, kama waliotoka safari ya kawaida. Nchi yenyewe ilikuwa hoi. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, na miezi 18 ikawa miaka. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, nguo hakuna. Katika hali hiyo, mtu anayekaa peke yake chini ya mkorosho kutwa nzima bila kusema na mtu, nani angekuwa na nafasi ya kumfikiria? Wengine walipelekwa kwa waganga. Wengine walisemwa kwamba wamerudi na bangi za jeshini. Wengine walikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, mpaka ukawamaliza, na kijiji kikasema ni ulevi.

Wamarekani nao, pamoja na uwezo wao wote, walipigwa na butwaa mwaka 1998 ilipotoka Saving Private Ryan. Zile dakika za mwanzo, wanajeshi wakiteremka kwenye maji ya ufukwe wa Omaha, ziliwarudisha wazee mbali mno. Wapo waliotoka nje ya kumbi za sinema kabla haijaisha. Idara inayoshughulikia wanajeshi wastaafu ililazimika kuweka namba ya simu ya bure kwa walioguswa na filamu ile. Watu wengi husifu filamu hiyo kwa uhalisia wa damu na sauti. Mimi nikiisoma habari yake, ninachokiona ni kwamba kulikuwa na mtu wa kupokea simu. Mzee wa miaka sabini na ushee anaweza kupiga akasema, nimetoka kutazama picha, sijisikii vizuri, na upande wa pili kuna anayemsikiliza.

Miaka mitatu baadaye, 2001, walewale walioitengeneza wakatoa tamthilia ya sehemu kumi, Band of Brothers, na humo wakafanya kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko milipuko yote. Kabla ya simulizi, walikuwa wanawaweka wazee wenyewe. Mzee mmoja kwenye kiti, taa, basi. Anaongea sentensi tatu, anashindwa, anafuta macho, anaendelea. Majina yao hayakuandikwa hadi sehemu ya mwisho kabisa, kwa hiyo unatazama saa na saa bila kujua yupi kati ya vijana wale wanaoigizwa ndiye huyu mzee. Unajikuta unawaangalia wote kwa tahadhari. Ile ndiyo sehemu pekee ya tamthilia za vita ambayo mjomba aliwahi kuniambia niirudishe nyuma. Hakielewi Kiingereza chao. Alitaka kumwona tena yule mzee anavyoshindwa kuongea.

Sisi Kagera tumeionaje? Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, miaka kumi na mitano baada ya vita kuisha. Vita vile tulivisikia. Nchi nzima ilikaa karibu na redio, Radio Tanzania (RTD) ikasema, watu wakajichorea wenyewe vichwani. Kisha mwaka 2006 dunia ikatengenezewa filamu kubwa kuhusu Amin, The Last King of Scotland, na Forest Whitaker akapata Oscar kwa kumwigiza. Aliigiza vizuri mno, sitamnyima. Lakini hadithi ile ni ya Amin na daktari wa kubuni kutoka Scotland. Dunia inaijua sura ya nduli, vicheko vyake, nishani zake, hasira zake. Dereva wa Mikindani na mpishi wa Tandahimba, waliokwenda kumtoa, hawana sura popote.

Nimewahi kusikia hoja kwamba wazee hawataki kusema. Hawataki kusema na nani? Tunawaita Julai 25, Siku ya Mashujaa, wanavaa nishani, wanakaa kwenye hema juani, wanatazama mkuki na ngao vikiwekwa, wanasikiliza hotuba, wanapewa soda, wanarudi nyumbani. Ukifika na swali la “uliua wangapi?” usitegemee jibu, na kusema kweli hustahili jibu. Wapo pia wenye viapo vyao, na mambo ya operesheni si ya kuuliza. Lakini muulize viatu vilikuwa namba ngapi kama havikumtosha. Muulize nani alimwandikia barua mwenzake asiyejua kuandika. Muulize siku aliyorudi alifikia wapi, nani alikuwa wa kwanza kumwona, na kama mtoto wake alimtambua. Mjomba alizungumza kwa saa mbili kwa sababu ya jiko.

Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka sasa amevuka 65. Wengi walikwenda wakiwa wakubwa zaidi ya hapo. Kila msimu wa korosho ninaporudi vijijini nakuta mwingine ameshazikwa, na watoto wake wana picha moja tu, ya pasipoti. Na nyuma yao kuna wadogo zao, waliotoka kulinda amani Congo, ambako Desemba 7, 2017 wenzao waliuawa kambini Semuliki, na waliotoka Cabo Delgado ambako karibu wanaelewana na wenyeji kwa Kimakonde. Hao wana miaka thelathini. Wanaendesha bodaboda, wana maduka ya vocha, wengine bado wako kazini. Sitaki nao wasubiri hadi 2060 ndipo mpwa wao mmoja awaulize nani alikuwa anapika.

Vijana wa filamu mpo Mtwara, nawajua. Mna kamera nzuri kuliko zilizokuwepo RTD nzima mwaka 1979, na mnatengeneza vichekesho vinavyotazamwa nchi nzima. Msitafute magwanda wala baruti. Tafuteni kiti, mlango ulio wazi ili mwanga uingie, na muda. Muda ndio gharama yenyewe, kwa sababu mzee atanyamaza, na mtatamani kumjazia maneno. Msimjazie. Mkaeni pia na wake zao, tena wao wapeni siku yao peke yao, mbali na waume.

Wawili kutoka Chikongola wamekubali tuanze na mjomba. Yeye amekubali kwa masharti. La kwanza, hatutaweka muziki. La pili, kabla yake aanze mpishi, ambaye yu hai, yuko kwake Tandahimba na macho yanamsumbua. Tunakwenda mnada wa korosho ukishapita, wakati watu wana nafasi. Ikiwa una mzee wako Newala, Masasi, Nachingwea au Kilwa na hujui uanzie wapi, njoo ukae nasi utuone tunavyofanya, au anza mwenyewe leo jioni kwa simu uliyonayo mkononi. Hakikisha tu ina chaji ya kutosha.